Fundi Haliozi na Madema ya Mdogo Wake

Siku hizi kinachomwamsha mke wa fundi ni ukimya. Kwa muda wote wa ndoa yake aliamshwa na koleo: kata, kunja, bana, kata, kunja, bana, sauti ikitoka uani kabla birika halijachemka. Sasa hufumbua macho alfajiri akaisikiliza nyumba. Husikia bomba la jirani likikohoa, husikia paka juu ya bati, halafu hakuna tena. Wageni wakiona ua ulivyo mtupu, na kigoda cha fundi kimeegemezwa ukutani, hushusha sauti wakampa pole. Naye huwarudishia pole yao.

"Hajafa," huwaambia. "Ameacha kusuka."

Wengine hubaki wakimtazama tu. Kwa mtu kama yule, hawaoni tofauti.

Alikuwa msukaji wa madema, ile mitego mikubwa kama vikapu ambayo mvuvi huishusha mpaka chini ya bahari na kuifuata siku nyingine. Dema lina mdomo mpana upande mmoja, na mdomo huo huenda ukisinyaa kuelekea ndani, hivi kwamba samaki huingia kwa raha zake na kutoka asijue. Ubavuni lina mlango mdogo. Mvuvi akishalivuta juu, huufungua mlango, akamwaga alichopata, akaufunga tena.

Baba yake fundi alisuka kwa fito. Fito zikikaa majini huoza, na msimu ukipita mvuvi anarudi kwa msukaji na kapu lililobaki mifupa. Mwana alipoachiwa kigoda, akaacha fito, akashika waya, ule uliovishwa plastiki, usiojua kutu wala chumvi.

"Wewe unajikatia riziki kwa mkono wako," mkewe alimwambia wakati ule. "Dema lisilooza litakurudishia mteja lini?"

"Mama watoto, kizuri chajiuza."

Na kweli kilijiuza. Watu walimfuata kutoka fukwe ambazo hakuwahi kuziona. Mteja akisitasita, fundi alivua viatu, akapanda juu ya dema kwa miguu yote miwili, akaruka. "Haliozi hili! Tutaoza mimi na wewe!" Watu walicheka, walinunua, na jina likamganda. Haliozi. Hata mwenye duka la waya alimwita hivyo, na watoto wake walipokuwa shule waliitwa wana wa Haliozi. Alilipenda jina lile kuliko alilopewa na mama yake.

Fahari yake kubwa ilikuwa mlango. Aliufunga kwa waya wa nyuzi mbili, akalisokota fundo kisha akalikunja kuelekea ndani lisichane mkono wa mvuvi. Mkondo haukuulegeza, pweza hakuufungua. "Mlango wangu," alikuwa akisema, "anaufungua mwenyewe tu."

Mteja wake wa kwanza alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa. Waliishi ukuta kwa ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba. Huku mtu akipiga chafya, kule wanamwambia afya. Mdogo mtu alikuwa na mashua ya injini na ulimi mwepesi. Alimtania kaka yake kwamba yeye ni mvuvi wa nchi kavu, kwamba samaki wakifika mbinguni watamshitaki msukaji kabla ya mvuvi. Fundi naye alimfungia kila dema kipande cha waya wa simu wa buluu, kama alama, ili asigombane na wenzake.

Maana pale kuna sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna asiyeijua: dema ni la mwenyewe. Asiye mwenyewe akilivuta ni mwizi, hata akilikuta limemkalia mlangoni. Mwenyewe akifa, ni la aliyemrithi. Asiporidhia mrithi, halitoki.

Asubuhi moja ya bahari shwari mdogo mtu alitoka kwenda kufuata madema yake. Adhuhuri, mashua yake ilionekana ikizunguka palepale, mahali pamoja, injini ikinguruma, usukani hauna mtu. Chai ya chupa ilikuwa bado moto. Walimtafuta mpaka wakachoka, wakapumzika, wakamtafuta tena. Bahari haikurudisha hata kandambili. Katika kutafuta huko hakuna aliyekumbuka madema, na mwezi haukuisha kabla meli moja haijapita juu ya maboya na kuyakata yote. Yakabaki chini, hayana kamba, hayana alama juu ya maji. Hakuna aliyeyaona tena, na hakuna aliyekuwa na haki ya kuyatafuta isipokuwa mjane.

Mjane hakusema neno. Fundi alikaa arobaini bila kugusa koleo, halafu akarudi kigodani, kwa sababu mkono mtupu haulambwi.

Miaka ikapita. Ghuba ikaanza kukauka samaki. Ndipo wakaja watu wa utafiti, wakapanga ghala la zamani upande wa pili wa bandari, wakalipaka chokaa, wakalifanya kituo chao. Mkubwa wao alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kofia ya ukili na miwani iliyofungwa kamba, na wavuvi hawakuchelewa kumwita Daktari wa Samaki.

"Daktari wa samaki!" fundi alimdaka siku alipoingia uani kwake. "Kwani samaki wanaumwa nini?"

"Wanaumwa sisi, mzee wangu," alijibu, akavuta ndoo, akaigeuza, akakalia.

Fundi akampenda hapohapo.

Alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kuuliza habari ambazo hakuna aliyetegemea daktari aziulize: kwa wiki samaki wanaliwa mara ngapi, uvuvi ukiwa mbaya ni nani anayepunguziwa chakula kwanza, katika nyumba hii nani anaamua matumizi.

"Mbele za watu anaamua yeye," mke wa fundi alijibu.

"Na nyuma ya watu?"

"Nyuma ya watu anakubali."

Wakacheka wote watatu. Kisha daktari akageukia madema yaliyopangwa ukutani, akapitisha kidole kwenye fundo la mlango mmoja, akauliza taratibu kama anayegusa kidonda. Je, fundi angeweza kuufunga mlango huu kwa uzi wa pamba? Uzi ambao ukikaa majini muda fulani unaoza, mlango ukafunguka wenyewe?

Fundi alilivuta dema upande wake. "Unaniomba nisuke kitu kibovu."

"Nakuomba usuke mlango unaokufa kabla ya dema."

"Binti yangu, la kuvunda halina ubani. Mtu anakuja kwangu kwa sababu langu halivundi. Nikimpa mlango wa uzi, kesho ataniita nani?"

Daktari hakubishana. Alisema tu kwamba juma lijalo kituo kitaonyesha picha zilizopigwa chini ya ghuba, kwamba kuna madema yatima mengi kule, na angefurahi fundi akija kusaidia kuyatambua, ili wenyewe waombwe ruhusa. "Hatuvuti la mtu bila ridhaa yake," alisema. "Tukivuta, hakuna atakayetufungulia mlango tena."

Walikwenda watatu, kwa kuwa mjane naye alikuwa ameitwa kama warithi wengine wote. Chumba kilikuwa na mapazia mazito na harufu ya chokaa mbichi. Wavuvi walikaa kwenye viti vya plastiki, wakipigana vikumbo kama wanafunzi. Ukutani pakaning'inizwa shuka jeupe, taa ikazimwa, na bahari ikatokea.

Mwanzoni ilikuwa mchanga tu, na vumbi la majini. Kila dema lilipotokea fundi alitaja mwenyewe kwa sauti kubwa, na watu wakapiga makofi. "Hilo la Kipara! Hilo la mzee wa kona! Mmeona? Yamesimama kama nilivyoyatoa!" Mkewe alimfinya paja apunguze majivuno.

Halafu kamera ikapita juu ya mwamba, ikashuka, na pakawa na madema mengi pamoja, yamekaa kama nyumba za kijiji kidogo. Waya wa buluu ulikuwa ukipepea kwenye kila moja.

Fundi hakutaja jina.

Madema yalikuwa mazima. Hakuna waya uliokatika, hakuna mlango uliolegea. Na ndani mlikuwa na samaki. Samaki hai, wakizunguka taratibu, pua zao zimechubuka nyeupe kwa kusukuma waya. Chini yao samaki waliolala ubavu, kaa wakiwanyofoa. Chini ya hao, tabaka la mifupa. Samaki mmoja mnene alikuja kutoka nje, akaona wenzake ndani, akauzunguka mdomo, akaingia. Mtu mmoja gizani akasema "ala!" kama aliyeshikwa na kitu mguuni.

"Hivi ndivyo linavyofanya," daktari alieleza, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Aliyemo anamwita aliye nje. Akifa anakuwa chambo cha mwingine. Halihitaji mtu."

Ndipo mjane akasema, si kwa kulia, bali kama anayemtambua mtu kwenye kituo cha basi: "Bado anavua."

Taa zilipowashwa kiti cha fundi kilikuwa kitupu. Mkewe alimkuta nje, kwenye bomba la kuoshea ndoo, akiosha mikono. Aliiosha mpaka ndani ya kucha, akaipangusa kwenye shati, akaanza upya.

Tangu siku hiyo hakula samaki. Kazi aliendelea nayo, lakini koleo lilianza kusita: kata, kunja, kisha kimya kirefu, kisha bana. Mkewe alikuwa akitega sikio jikoni, akingojea ile bana kama anayengoja mgonjwa avute pumzi.

Asubuhi moja kuku mmoja alifuata punje za mchele zilizomwagika karibu na dema jipya, akapita mdomoni, akajikuta ndani. Akalia. Kuku wa pili akaja kutazama, akaingia. Wa tatu akasimama kwenye mdomo akiinamisha kichwa huku na huku. Mke wa fundi alikuwa amekwisha kufungua kinywa acheke, lilikuwa jambo la kuchekesha kabisa, alipomwona mumewe. Alikuwa amesimama na koleo mkononi, akimtazama yule kuku wa tatu. Hakufungua mlango. Alilikata dema zima, ubavu kwa ubavu, waya baada ya waya, kuku wakamrukia usoni, naye akaendelea kukata hata walipokwisha kutoka.

"Nitampeleka nani akayatoe?" alisema. "Mwenyewe yuko hukohuko chini."

"Nenda kwa mdogo wangu ukamwombe," mkewe akamwambia. Ndivyo alivyomwita mjane siku zote.

Akaenda. Mkewe alifuatana naye, akakaa karibu na mlango. Nyumba ya mjane ilikuwa nadhifu kwa namna ya kutisha kidogo: koti la mvua la marehemu bado kwenye msumari wake, kitanda kimetandikwa mito miwili.

"Shemeji," fundi alianza, "nimekuja kwa yale madema."

"Nilijua. Hujawahi kuja bila chumvi au habari, na leo huna chumvi."

"Niruhusu niyatoe. Ghuba inakwisha. Na kile tulichokiona pale, wewe mwenyewe ulikiona..."

"Niliona kazi ya mume wangu." Alikunja kanga mapajani, akaikunjua. "Shemeji, ninyi mna kaburi la baba mkwe. Mnakwenda, mnafagia, mnarudi mmepoa. Mimi sijazika mtu. Sina pa kufagia. Nina madema. Niliponyamaza wakati ule mlidhani ni uchungu. Nilikuwa najisemea, maadamu madema yake yako kazini, yeye amechelewa tu. Ukiyatoa, atakuwa amekufa."

"Amekufa, shemeji."

"Kwako."

Walirudi nyumbani. Siku iliyofuata akaenda tena. Na iliyofuata. Watu wakaanza kutia maneno, maana mtaa haukosi midomo, kwamba Haliozi anamposa mjane wa ndugu yake. Mkewe aliwajibu dukani: "Akimposa nitashona sare. Nipe kibiriti changu." Lakini akifika nyumbani alikuwa akiogopa, si kuposwa kwa mtu, bali jinsi mumewe alivyokuwa akikonda. Alimwona akilala na viganja vimekunjwa, kama bado ameshika waya. Katika usingizi alikuwa akisema neno moja: fungua.

Daktari naye alijaribu. Alimweleza mjane kuhusu mazalia ya samaki, na nyumba zilizokwisha kupunguza sahani. Mjane alimsikiliza kwa adabu, akampa chai, akamwuliza kama ameolewa. Kisha akasema hapana.

Mwishowe ni mjane mwenyewe aliyevuka. Alikuja asubuhi, akapita moja kwa moja uani, akasimama mbele ya kigoda. Mke wa fundi alitoka jikoni na mikono ya unga.

"Karibu mdogo wangu, keti."

"Siketi, dada. Nina neno na shemeji." Akaelekeza kidole kwenye koleo. "Unajua mimi naamka na nini? Naamka na hilo. Lilikuwa linamwamsha yeye. Alikuwa akilisikia anasema, kaka ameanza, ananisukia dema, akavaa, akatoka. Tangu alipokosa kurudi, kila asubuhi ukuta ule unaniambia kaka ameanza. Nami kila asubuhi nanyosha mkono upande wa pili wa kitanda. Miaka yote hii, shemeji. Wewe unaniambia niache. Mbona wewe hujaacha?"

Fundi aliliangalia koleo mkononi mwake.

"Basi tuache pamoja," mjane akasema. "Mimi nikupe madema yake. Wewe unipe koleo lako. Usisuke tena."

"Mdogo wangu," mke wa fundi akaingilia, "hiyo ndiyo kazi yake. Ndiye Haliozi huyu. Si anaweza kusuka yale ya mlango wa uzi wa pamba, kama anavyosema daktari? Hilo hata yeye sasa analikubali."

"Asuke mtu mwingine, ukuta mwingine. Mimi siombi mlango, dada. Naomba nisisikie."

Mke wa fundi alimtazama mumewe, naye aliogopa alichokiona usoni mwake, kwa kuwa mumewe alikuwa mtu aliyejitambulisha maisha yake yote kwa kuruka juu ya dema. Alijua jibu likiwa ndiyo litamla, na likiwa hapana litammaliza. Alitaka kusema tumpe siku chache afikiri.

Fundi alilifunga koleo, akaligeuza, akamkabidhi mjane kwa upande wa mpini, kama mtu anavyompa mwenzake kisu.

Walikwenda kuyatoa kwa mashua ya kituo. Mjane alisema atakuwepo, na mke wa fundi akaenda kumshika mkono. Nanga yenye meno ilishushwa, ikakokotwa, ikanasa. Mashine ikavuta kwa kulalamika, na dema la kwanza likapasua maji likimwaga matope. Waya wa buluu ulikuwa umepauka lakini haukukatika.

Sheria ilisema dema ni la mwenyewe, kwa hiyo mjane akapiga magoti aufungue mlango. Alijaribu fundo, akashindwa. Fundi akapiga magoti kando yake. Akajaribu fundo lake mwenyewe kwa vidole, kisha kwa koleo la mabaharia, na jinsi alivyolisuka vizuri, likamkatalia yeye pia. Samaki walikuwa wakipigapiga ndani, hewani, wakifungua na kufumba vinywa. "Kata!" mkewe akapiga kelele bila kujua. "Baba watoto, kata!" Akakata. Samaki waliokuwa hai wakamiminiwa baharini. Mmoja alielea ubavu kwa muda, kana kwamba hajaamini, kisha akazama kwa nguvu zake. Iliyobaki ilikuwa mifupa na magamba. Mjane aliitazama mifupa ile kwa makini sana, kipande kwa kipande. Ilikuwa ya samaki tu. Aliporidhika akajifunika uso kwa kanga, na ndipo alipolia, kilio kikubwa cha siku ya kwanza.

Hawakuyapata yote. Mengine yamejikita chini ya mwamba. Na njiani wakirudi, fundi alimwuliza daktari swali ambalo mkewe alitamani asiliulize: yale aliyowauzia watu wengine, fukwe zile asizowahi kuziona, yaliyopotea, yako wapi?

"Yapo," daktari alisema. Hakuwa na namna nyingine ya kulisema.

"Waya ule huishi muda gani?"

"Kukuzidi wewe, mzee wangu."

Mtaani sasa madema husukwa na mtu mwingine, karibu na soko, na milango yake hufungwa kwa uzi wa pamba ambao wavuvi huulalamikia kila siku. Mjane ametoa mto mmoja kitandani. Koti la mvua amewapa watu wa kituo, na wanalivaa kwa zamu.

Fundi ni kibarua kwenye mashua ya kukokota madema yatima. Siku za kazi hulala katika chumba kilicho juu ya stoo ya barafu, upande wa pili wa bandari, na mwisho wa juma huja nyumbani.